Manyuo au oto? Ngoja niwape kilichonikuta Samuye

Nimerudi chuoni juzi. Dodoma ina upepo ule ule na chumba chetu kina mabishano yale yale. Jana usiku mada ilikuwa magari. Mwenzangu wa chumbani kasema akimaliza tu chuo ananunua IST ya oto, na mtu anayejitesa na klachi karne hii ana lake jambo. Wote wakacheka, wakaniangalia mimi, maana wanajua baba anabadilisha gari mwaka huu na mimi ndiye niliyemshauri achukue tena manyuo. Sikujibu, jibu lenyewe refu. Ndiyo hili.

Kwetu ni Samuye, Shinyanga. Nyumbani tuna pikapu kuukuu ya dizeli, ya kubadili gia kwa mkono. Leseni ninayo tangu mwaka wa kwanza. Kule kwenye udereva nilifundishwa manyuo, nikaishika siku chache, nikafaulu, basi. Baada ya hapo gari niliyoizoea ni Vitz ya binamu yangu hapa Dodoma: unaweka D, unakanyaga mafuta, unaenda zako. Nikajiita dereva.

Sasa likizo hii baba alikuwa Geita kwenye shughuli zake, pikapu kaiacha nyumbani. Usiku kama saa tano, jirani yetu mmoja akaja anakimbia na mtoto mgongoni. Mtoto anawaka homa, ameshapata degedege mara mbili. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, kijiweni hakuna bodaboda hata moja. Mama akanipa funguo: "Si una leseni wewe? Twende."

Jamani. Kwanza betri imelala. Vijana wakaja kusukuma, na hapo ndipo manyuo inapopata sifa yake. Unaweka gia ya pili, unakanyaga klachi, wanasukuma, ikishika mwendo unaachia, magurudumu yanaizungusha injini. Kwa oto haiwezekani. Giaboksi yake inafanya kazi kwa presha ya mafuta, na pampu ya mafuta hayo inazungushwa na injini. Injini imezima, presha hakuna, magurudumu hayajaungana na kitu. Mtasukuma mpaka Tinde.

Yetu ikawaka. Nikaizima. Wakasukuma tena, ikawaka, nikaizima tena. Mara tatu! Yule mama kakaa nyuma na mwanawe, hasemi neno. Ule ukimya wake sitausahau.

Akatokea babu mmoja wa jirani, zamani alikuwa dereva wa malori ya pamba. Siku hizi haendeshi kwa sababu mguu wa kushoto uliumia, hauna nguvu ya kukanyaga klachi. Akafungua mlango wa abiria, akakaa, akashika gia. "Mjukuu wangu, wewe miguu, mimi mkono. Sikiliza injini, usiangalie chini."

Tukaenda hivyo hivyo. "Kanyaga!" Nakanyaga, yeye anaingiza gia. "Achia polepole... hapo hapo, balansi. Mpe mafuta." Mnaoufahamu udongo mweusi wa mbuga za kwetu mnajua ukilowa unavyokuwa. Pale babu hakuniruhusu kuondoka na namba moja, akaweka ya pili na kuniambia nisikandamize mafuta. Nguvu ikipungua kwenye magurudumu, tairi hazizunguki bure. Tulipofika lami nikaanza kumtangulia: nikisikia injini inalia, nakanyaga kabla hajasema. Akacheka kidogo gizani.

Tukafika hospitali mjini, mtoto akapokelewa. Ilikuwa malaria. Alilazwa siku nne, na ninavyoandika hapa anakimbiza mbuzi za watu.

Sasa turudi kwa hoja ya "karne hii". Oto si mambo ya karne hii. General Motors waliuza giaboksi yao ya Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, mwaka ule ule Williamson alipogundua almasi ya Mwadui hapo kwetu. Zimejaa hapa kwa sababu mitumba yetu mingi inatoka Japani, na kule tangu 1991 kuna leseni ya watu wa oto tu. Uingereza nako ukifanya mtihani kwa oto, manyuo huruhusiwi kuigusa. Sisi karatasi inasema dereva, lakini usiku ule mimi karatasi yangu ilinisaidia nini?

Mkija kwetu kwa basi kutoka Singida mtashuka mlima Sekenke. Dereva anayejua kazi anashusha gia, injini yenyewe inaizuia gari, breki hazichemki. Oto nayo ina 2 na L kwa kazi hiyo. Haya, wenye oto, nani ameshawahi kuzigusa?

Lakini nisiwadanganye. Kusema manyuo inakula mafuta kidogo kulikuwa na ukweli zaidi zamani. Oto mpya zimeshaifikia, nyingine zimeipita. Na kuna jambo lililoninyima usingizi: kama pikapu yetu ingekuwa oto na betri nzima, babu angeendesha mwenyewe. Mguu wa kulia anao mzima. Nilipomwambia akasema, "Kweli kabisa, wala nisingekuhitaji wewe." Kwa hiyo anayechagua oto kwa ajili ya goti lake, au kwa foleni za Dar, simcheki tena.

Ila kwetu, kwa matope yale, kwa betri zile, na kwa mafundi wetu ambao klachi wanaijua na giaboksi ya oto wanaiogopa, nimemwambia baba achukue manyuo. Anayeijua manyuo ukimpa oto ataielewa siku hiyo hiyo. Mimi nilianzia upande ule mwingine, na mmeona.

Nikaongeza sharti moja: safari hii kila mtu nyumbani anafundishwa. Asubuhi zote zilizobaki za likizo nilikuwa kwa babu najifunza. Jumapili kabla sijaondoka nikamkalisha mama kwenye usukani. Akaizima mara tano, akataka kushuka. Nikazunguka upande wa abiria, nikakaa, nikashika gia.

"Mama, wewe miguu, mimi mkono."

Haya wadau, tesiti ya Jumatatu inanisubiri. Na wewe wa IST, nunua tu, ila ukija Samuye nitakufundisha bure. Tuko pamoja.