Samaki wako wakiota pamba, tazama kwanza mikono yako

Leo sianzi na somo. Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu lilimgharimu mtu.

Ilikuwa mwezi wa saba huku kwetu nyanda za juu kusini, wakati ule ambao ukiongea asubuhi unaona mvuke ukitoka mdomoni. Mama mmoja alinipigia simu: "Bwana Samaki, njoo uone. Samaki wangu wameota pamba."

Siku nne kabla ya hapo tulikuwa tumepandikiza pamoja vifaranga 600 wa sato katika bwawa lake la mita 10 kwa 20. Pesa ya vifaranga, shilingi 120,000, alikopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Nilipofika nilikuta wengine wanaelea wamekufa, wengine wamejikusanya pembeni hawakimbii hata ukipitisha mkono. Mgongoni na kwenye mapezi walikuwa na manyoya meupe, kweli kama pamba.

Nikasema kwa kujiamini: "Mama, maji yamechafuka. Fungulia mfereji, maji mapya yaingie kwa wingi." Akafungulia. Baada ya siku mbili walikufa wengi kuliko mwanzo.

Nilimpigia mwenzangu mkongwe anayezalisha vifaranga. Hakuniuliza dawa. Aliuliza mambo mawili tu: "Maji yana joto gani? Na mlihesabuje hao vifaranga?" La kwanza sikuwa na jibu, sikupima. La pili nilikuwa nalo, na lilinitia aibu. Tuliwahesabu kwa mikono mikavu, mmoja mmoja, kwenye beseni lisilo na maji, jua la jioni likizama.

Nilirudi na kipimajoto asubuhi iliyofuata. Kilisoma nyuzi 16. Maji ya mfereji niliyoamuru yafunguliwe yanatoka mlimani, na yalikuwa baridi zaidi.

Hii pamba ni nini?

Ni fangasi wa majini. Vijidudu vyake vimo karibu kila bwawa la maji baridi, kila siku, na samaki mzima anaishi navyo bila shida. Kinachomkinga ni ule utelezi wa ngozi yake. Utelezi ule ukifutwa kwa mkono mkavu, kwa wavu wenye nyuzi kali au kwa kurundikwa kwenye ndoo, mlango umefunguka. Baridi nayo humlegeza asiweze kujitetea.

Sato anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kidogo, na yakikaribia 15 anaacha kula kabisa. Kwa hiyo sisi tulimfuta utelezi, tukamtia kwenye baridi, kisha mimi nikaongeza baridi juu yake. Fangasi walikuja kuchukua tulichowaandalia.

Tulichofanya

Chumvi ndiyo dawa iliyo karibu na mfugaji mdogo, lakini usiimwage bwawani. Piga hesabu nami. Bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha mita 1 lina lita 200,000. Kwa gramu 10 kila lita unahitaji kilo 2,000 za chumvi, yaani magunia 40 ya kilo 50. Utafilisika, na bwawa utaliharibu. Samaki ndiye anayefuata chumvi kwenye chombo.

1. Subiri saa sita au saa saba mchana, maji yakiwa yamepata joto.
2. Chota maji ya bwawa lile lile, lita 50, weka kwenye chombo kipana. Koroga nusu kilo ya chumvi ya kawaida mpaka iyeyuke yote.
3. Lowesha mikono na wavu mdogo. Opoa wale walio pembeni wenye pamba. Usikokote wavu bwawa zima, utawajeruhi wazima.
4. Waweke wachache wachache kwenye maji ya chumvi kwa dakika 10. Kaa hapo hapo uwatazame. Anayelala ubavu mtoe mara moja, mrudishe kwenye maji yasiyo na chumvi nyingi.
5. Kama una tangi, watunze humo siku chache kwa chumvi hafifu: kilo 1 kwa lita 500. Liweke mahali penye jua, na badilisha sehemu ya maji kila siku kwa maji yenye joto linalolingana.
6. Waliokufa watoe kila asubuhi, uwafukie mbali na maji. Mzoga ni shamba la fangasi.

Mfereji tuliufunga, tukabakiza maji ya kufidia yanayopotea tu. Chakula tulipunguza, maana samaki asiyekula humwachia pumba zioze chini.

Tahadhari moja. Ukiona utando wa njano au wa kijivu mdomoni na kwenye mashavu, usiosimama kama manyoya, huenda ni bakteria, na chumvi peke yake haitatosha. Mwite afisa uvuvi aje aone.

Na ukiambiwa kuna dawa ya rangi ya kijani inayoua fangasi kwa siku moja, kataa. Dawa ya malakaiti imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika nchi nyingi, kwa sababu hubaki kwenye nyama na ina madhara kwa mlaji.

Kwako mfanyabiashara wa vifaranga

Ugonjwa huu mara nyingi huanzia safarini, hata kama pamba huonekana kwa mnunuzi. Usiwalishe vifaranga siku moja kabla ya kusafiri. Usiwabane kwenye mfuko. Hesabu kwa kikombe ndani ya maji, usihesabu kwa kiganja. Ukifika, mfuko uelee bwawani dakika 20 hadi 30, kisha changanya maji kidogo kidogo, ndipo uwaache watoke wenyewe. Na mteja wa sehemu za baridi akitaka vifaranga mwezi wa sita au wa saba, mwambie ukweli hata kama unahitaji hiyo pesa. Wakimfia, mwakani hatakuja kwako.

Yule mama

Katika vifaranga 600, tulibaki na 230 hivi. Mkopo wa kikundi haukungoja samaki wakue. Alilipa kwa kuuza mbuzi, na nilikuwepo siku mbuzi yule anapakiwa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Bwana Samaki, siku nyingine pima kwanza." Ningeona nafuu kama angenigombeza.

Mwaka uliofuata alipandikiza mwezi wa kumi, maji yalipopata joto. Alihesabu kwa kikombe. Mimi nilisimama pembeni nikiwa nimeshika kipimajoto, sikugusa samaki hata mmoja.

Ndugu yangu, kipimajoto cha maji ni bei ndogo kuliko mbuzi. Kinunue kabla ya vifaranga. Na siku utakapoona pamba, kabla hujauliza dawa ipo duka gani, jiulize nani alimshika samaki huyu, alimshikaje, na maji yalikuwa na joto gani siku hiyo.