Usawa wa Bahari Ndani ya Tope la Mikoko

Kilichomvuta mwandishi wa kumbukumbu hizi kwenye jiolojia ya pwani ni mifupa ya pundamilia. Ilichimbuliwa katika pango la Kuumbi, kusini mashariki mwa Unguja, kisiwa ambacho leo hakina pundamilia hata mmoja. Wanyama hao walifika kwa miguu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yamefungwa kwenye barafu za kaskazini, bahari ilikuwa chini ya ilipo sasa kwa mita 120 au zaidi, na baina ya Unguja na Mrima palikuwa nchi kavu. Pemba ilibaki kisiwa, maana mkondo wake una kina cha mamia ya mita.

Akataka kujua maji yalirudi lini, na kwa kasi gani.

Jibu alilitafuta kwenye tope la mikoko, lakini alianza na miti iliyo hai. Mlilana husimama mbele, unakofikiwa na maji karibu kila yanapojaa. Nyuma yake huja mkoko, kisha mkandaa. Mchu huota upande wa bahari na upande wa bara pia, kwa hiyo ushahidi wake peke yake hautoshi. Huko Chwaka, mzee mmoja mkata boriti alimpitisha msituni akimwonyesha mipaka: hapa maji hufika kwa bamvua tu, pale hufika hata maji mafu. Yeye akafuata nyuma na darubini ya wapima ardhi, akiandika kimo cha kila mpaka. Kazi hiyo haikwepeki Unguja, ambako wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Asiyejua mti unakaa kwenye kimo gani hawezi kusema tabaka lake la kale lilikaa wapi.

Ndipo huja zamu ya kekee ya mkono. Husukumwa topeni, ikazungushwa, ikajifunga na kutoka na kipande kizima ambacho tabaka zake hazijavurugika. Kipande hulazwa kwenye bomba lililopasuliwa, hufungwa plastiki na kuwekwa kwenye jokofu. Maabarani, chavua husafishwa kwa dawa na kuhesabiwa kwenye hadubini: mahali ambapo mchanga wenye makombe umelala juu ya mboji iliyojaa chavua ya mkoko, bahari ilipanda na kuufunika msitu.

Umri hutafutwa kwa kaboni 14, ambayo nusu yake huoza kila miaka 5,730. Hapa alijifunza kutoliamini tope kwa haraka. Mizizi ya mikoko hupenya chini na kupeleka kaboni changa kwenye tabaka kongwe, likaonekana jipya kuliko lilivyo. Kwa hiyo alizoea kuokota vipande vya majani yaliyoangukia juu ya tope la wakati ule, au kutenga chavua yenyewe. Tena tope hushinikizwa na uzito wake likashuka, ndiyo maana alithamini kuliko yote mboji iliyokaa moja kwa moja juu ya mwamba.

Alipochoka na tope alipanda mawe. Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya matumbawe ya kale. Miamba ya aina hiyo katika pwani hii inakumbusha enzi za miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu ya ilipo leo kwa mita 6 hadi 9.

Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kasi inaongezeka. Vipimo vya maji bandarini Zanzibar vilianza miaka ya 1980 tu. Yaliyotangulia yamo topeni. Kwa sababu hiyo humuuma kuona ghuba ya mikoko ikichimbwa kuwa mashamba ya chumvi kabla hakijachukuliwa hata kipande kimoja. Siku hizi huwapeleka wanafunzi Chwaka wakati wa bamvua, na hawaruhusu kugusa kekee mpaka wawe wamepima mipaka ya miti, kuanzia mlilana wa mbele hadi mchu wa mwisho upande wa bara.