Nyumba ya Wareno

Ukipanda gari ya Nungwi kutoka mjini, ukishapita Mkokotoni utafika kijiji cha Fukuchani. Teremka hapo. Karibu na pwani, mkabala na kisiwa cha Tumbatu, lipo gofu la nyumba ya mawe. Kipo na kibao cha kuonyesha mahali. Watu wengi huliita gofu hilo Nyumba ya Wareno.

Wareno ni watu wa Ureno, nchi ya Ulaya. Nahodha wao Vasco da Gama alipita Unguja mwaka 1499, akirejea kutoka Bara Hindi. Mwaka 1503 wenziwe walikuja na mizinga, wakamlazimisha mfalme wa Unguja kulipa kodi. Walitawala pwani hii karibu miaka 200, mpaka Waarabu wa Oman walipoiteka ngome ya Mombasa mwaka 1698. Wametuachia maneno pia. Meza, bendera, leso na gereza yametoka kwao. Ukisema, "Weka leso juu ya meza," nusu umesema Kireno!

Mimi ni mtu wa Jang'ombe. Kusoma nimejifunza ukubwani, kama wewe. Tangu utoto niliambiwa kwamba nyumba za mawe za zamani zilijengwa na wageni, kwa sababu wazee wetu walijua udongo na makuti tu. Niliamini. Hata wanangu niliwafundisha hivyo.

Siku moja nilikwenda Fukuchani kumtazama shangazi yangu, alikuwa hajiwezi. Jioni nikatembea mpaka kwenye gofu. Nikasoma kile kibao polepole, herufi kwa herufi. Kisha nikaingia ndani.

Sasa nisikilize. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi. Alipanga magogo, akapakia mawe ya matumbawe juu yake, akatia moto, akapata chokaa. Nilimbebea maji na mchanga tangu nina miaka minane. Basi nilipoutia mkono ukuta ule niliujua. Mawe ni yale yale, ya hapa hapa. Chokaa ni ile ile. Milango ina matao, na ukuta wa nje una matundu madogo ya kutolea mtutu wa bunduki. Waliokaa humo walikuwa na adui, hilo halina shaka. Lakini adui huyo alikuwa nani? Huenda alikuwa Mreno mwenyewe!

Niliporudi mjini nikamuuliza mwalimu wetu wa kisomo. Akanisomea kitabu. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba pale. Wengi wao wanaona nyumba ile ilijengwa na Waswahili, katika miaka ya 1500, kwa ufundi wa pwani hii. Tena chini ya mchanga wa Fukuchani wamekuta vigae vya vyungu vya watu walioishi pale kiasi cha miaka 1400 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na Mreno hata mmoja katika bahari yetu.

Nilikaa kimya. Nilimfikiria baba, na mikono yake iliyobabuka kwa chokaa.

Safari ya pili nilikwenda na mwanangu mkubwa. Shangazi, ambaye alikuwa amepata nafuu, akatuuliza tunatoka wapi.

"Kwenye Nyumba ya Wareno," akajibu mwanangu.

Nikamwambia, "Kaa kitako, baba. Nina maneno ya kukurekebishia."