Kamera yetu ya Nikon D90, na yale tuliyopaswa kumwambia mnunuzi



Wazazi na wanafunzi wapenzi, baadhi yenu mnaotuona kwenye hafla za madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, mmekuwa mkituuliza juu ya ile kamera nyeusi tunayoivaa shingoni, kama ni nzuri na kama tungewashauri mtafute ya aina hiyo. Jibu tulilichelewesha kwa sababu kamera yenyewe ilikuwa njiani kuuzwa, na maneno ya muuzaji juu ya bidhaa yake hayana budi kupimwa mara mbili. Sasa imeshauzwa, alhamdulillahi, twaweza kusema.

Ni Nikon D90. Ilitangazwa Agosti 2008, na ilikuwa kamera ya kwanza ya aina ile ya kubadilisha lenzi na kuchungulia kwa kioo kupiga pia video. Wakati wake haikuwa ya wanaoanza wala ya wakubwa wa kazi, ilikaa katikati. Sisi tuliinunua mwaka 2013, ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya 18-105. Aliyetuuzia alituapia kuwa haijafikisha picha elfu kumi. Tulimwamini, tukalipa, tukashukuru.

Uzuri wake kwanza. Betri yake ni ya kustahi. Hapa kwetu umeme unaweza kukatika siku nzima, nasi tumewahi kupiga hafla ya kuhitimu wanafunzi kuanzia asubuhi hadi baada ya Alasiri kwa chaji moja, na ikabaki. Mkononi inakaa vizuri, vitufe viko pale vidole vinapotaka viwe. Halafu ina mota ya kulengea ndani ya mwili wake, jambo ambalo ndugu zake wa bei ndogo, kama D60 na D3100, hawana. Faida yake ni kwamba lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota zinalenga zenyewe ukizifunga hapo. Tulipata 50mm ya zamani kwa bei ya nusu, na ndiyo iliyotupigia picha nzuri kuliko zote, za watoto wakisoma msikitini kwa mwanga wa dirisha tu, bila flashi kuwashtua. (Twajua kuna wanavyuoni waliokataza picha na wapo walioruhusu picha za kamera. Sisi twafuata walioruhusu, na mzazi asiyetaka mwanawe apigwe hatumpigi.)

Sasa ubaya. Megapikseli 12 zinatosha kuchapisha picha ya ukutani, hilo lisiwatishe. Kinachosumbua ni mwanga wa adhuhuri. Kamera hii huegemea sana pale ulipolenga, nawe ukilenga uso wa mtu mweusi, itaongeza mwanga ili uso uonekane, na kanzu nyeupe itaungua ibaki kama karatasi tupu, bila kunyanzi wala kifungo. Mwaka wa kwanza tuliharibu picha za maharusi wawili hivi hivi. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: ukiwa juani, punguza hadi kutoa 0.7, uso utauongezea mwanga baadaye kwenye kompyuta. Kanzu iliyoungua hairudi.

Video yake, tuseme ukweli, ni ya kumbukumbu tu. Hukatika baada ya dakika tano, sauti ni ya njia moja, hailengi yenyewe ikiwa inarekodi, na ukiigeuza haraka mnara wa msikiti unapinda kama muwa kwenye upepo. Tuna rafiki Kigoma mwenye kamera kama hii, anapiga picha za pasi na za shule, na anasema hataiachia mpaka ife. Mwingine yuko Nyamirambo kule Kigali, anasema alitupa pesa zake, kwa kuwa wateja wake wanataka video za harusi. Wote wawili wanasema kweli.

Lakini lililotufanya tuandike ni jambo la shata. Hiyo ni pazia ndogo ya ndani inayofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, na kama mguu wa cherehani, ina umri wake. Nikon walisema ya D90 imejaribiwa mara 100,000. Inaweza kupita hapo kwa mbali, inaweza kufa kabla. Miaka miwili baada ya kununua, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alichukua picha yetu moja ambayo haijaguswa, akaifungua kwa programu kwenye kompyuta yake, akatuonyesha kuwa kamera huandika hesabu hiyo ndani ya picha yenyewe. Tukahesabu kurudi nyuma. Siku tuliyoambiwa haijafika elfu kumi, ilikuwa imepita 58,000.

Tulikasirika, na hasira ile tuliibeba miaka mingi.

Mwaka huu alitujia kijana tuliyemsomesha tangu alif mpaka akahitimu. Anataka kuanza kazi ya picha za nikaha na za vitambulisho. Mama yake anauza ndagala sokoni, na pesa alizokuja nazo zilikuwa na mkono wa mama ndani yake, noti ndogo ndogo zilizokunjwa. Alijua kamera yetu kwa sababu imempiga picha tangu ana miaka kumi. Aliuliza bei, tukamtajia, akasema, "Sawa Maalim, kesho naleta iliyobaki." Hakuuliza jingine.

Asubuhi ile ile tulikuwa tumesoma hesabu ya shata: 112,480.

Ndugu zetu, tusijipambe. Usiku ule tulitafuta njia. Tulijiambia kwamba hakuuliza, kwamba bei tuliyotaja ni ya soko, kwamba inafanya kazi wala haijawahi kukwama, na kwamba ada ya binti yetu inangoja. Na kijana huyu ndiye aliyekaa mstari wa mbele tulipofundisha mlango wa mauzo, juu ya muuzaji kubainisha aibu ya bidhaa na haki ya mnunuzi kurudisha. Mama watoto alipoona hatulali akauliza, tukamweleza. Akasema, "Mwambie kabla hajahesabu pesa," akageukia ukutani akalala.

Alipokuja tulimweleza yote: hesabu, mpira wa mshikio ulioachia tukaugandisha kwa gundi, na kwamba shata ikifa, kuibadilisha kunaweza kuzidi thamani ya kamera. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Maalim, ikifa mwezi wa kwanza nitamwambia nini mama?" Hatukuwa na jibu. Alirudisha pesa mfukoni akaondoka, nasi tukadhani biashara imekwisha.

Baada ya siku tatu alirudi na shauri lake: atoe theluthi mbili sasa, na ile theluthi ailipe baada ya miezi mitatu kama shata bado iko hai, na ikifa isilipwe. Shauri la kijana mwerevu, na tungepata zaidi, lakini bei isiyojulikana ni gharari, na tulimkumbusha hivyo, akacheka kwa kuwa alijua. Basi tukaifuta ile theluthi moja kwa moja, tukauziana kwa zile mbili, bei moja iliyojulikana. Lenzi ya 50mm tukampa zawadi. Ada ya binti tumeomba kulipa kwa awamu.

Jumapili iliyopita alipiga nikaha yake ya kwanza, upande wa akina mama akimwachia dada yake kamera ile ile. Jioni alikuja kutuonyesha. Kanzu ya bwana harusi inaonekana kila kunyanzi. Chini ya kamera amebandika karatasi ndogo, ameandika kwa kalamu 112,480, na chini yake tarehe. Alituomba tumsomee hesabu mpya kwenye kompyuta. Ilikuwa 113,356.