Bahasha Aliyoirudisha Mama

Marehemu mama yangu alikuwa mjumbe wa tawi la chama chake katika mtaa mmoja wa Mbagala, wilayani Temeke. Kwa sehemu kubwa ya miaka mitano, ujumbe ule ulikuwa ni kikao cha hapa na pale juu ya viti vya kuazima. Lakini kila ulipokaribia msimu wa kura za maoni, chama kinapowachuja watia nia wake wa ubunge, nyumba yetu ilipata wageni tusiowajua, nao wakimjua mama kwa jina.

Msimu mmoja, baina ya Magharibi na Isha, alikuja kijana, mpambe wa mtia nia mmoja. Alibisha hodi kwa adabu, akaacha doti ya khanga na bahasha, akasema ni ya sabuni tu. Mama alikuwa juu ya mswala. Niliyepokea ni mimi. Ndani mlikuwa na shilingi elfu hamsini. Nilikuwa na mwezi wa tatu sina kazi, luku imekata, watoto wameshinda kwa uji. Sikumngoja mama amalize nyiradi zake. Nilichomoa elfu ishirini, nikaenda kununua umeme na unga.

Taa ilipowaka, aliuliza fedha imetoka wapi. Nilimweleza, kisha nikajitetea: "Mama, kura ni siri. Tule chao, nawe umpigie umtakaye."

Hakunikaripia. Aliniuliza tu: "Kama nisingekuwa mjumbe, mwanangu, kijana yule angekuja?"

Asubuhi alitoa elfu ishirini katika mtaji wake wa vitumbua, akajaza pengo, akapanda daladala kuirudisha bahasha pamoja na khanga. Mpambe alicheka, akidhani mama ameona ni kidogo, akataka kumwongezea. Kwa wiki mbili mama alikaanga nusu ya vitumbua vyake vya kawaida, na baadhi ya wajumbe wenzake wakamsema kuwa anajitia uwalii.

Miaka mingi baadaye, katika darsa baada ya Alasiri, nilimsikia sheikh akisimulia habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akidai kuwa hii ni yenu na hii nimezawadiwa mimi. Mtume (SAW) alipanda mimbari akahoji kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi ingemfuata huko. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim. Niliinamisha kichwa: lilikuwa ndilo swali la mama.

Sisi tunalijua vizuri neno takrima. Mwenyeji humkirimu mgeni wake. Katika siasa neno hilo liligeuzwa: mgeni ndiye anayemkirimu mwenyeji, tena mwenye kura peke yake. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliipa takrima hiyo kinga, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, ambayo inagusa hata uteuzi ndani ya vyama. Waislamu tulikuwa na onyo kabla ya hayo yote, katika Surat al-Baqara, aya ya 188. Hata hivyo sheria haifiki ukumbini kwetu saa ya Magharibi. Anayefika ni mpambe, na anayempokea huenda akawa kijana mwenye njaa kama nilivyokuwa mimi.

Mtia nia yule alishinda. Alipokuja mkutanoni, mama alisimama kumuuliza habari ya mtaro uliokuwa ukitujazia maji nyumbani kila masika. Jirani yetu mmoja alimnong'oneza mwenzake: "Sisi tutamuulizaje, naye alishatulipa?"

Basi wazazi wenzangu, tuyazungumze haya na watoto wetu kabla msimu haujafika, maana bahasha haimkuti mjumbe peke yake nyumbani.

Nilipopata kibarua bandarini, nilimrejeshea mama zile elfu ishirini. Alizipokea, akazihesabu mbele yangu, akazifunga katika pindo la khanga yake kuukuu. Allah amrehemu.