Pale, Kule na Mle

Ndani ya kila picha ya kidijitali kuna maandishi ambayo macho hayayaoni. Humo kamera huandika tarehe, saa na, ikiwa ina GPS, mahali iliposimama. Utaratibu wa maandishi hayo huitwa EXIF, nao ulitolewa Japani mwaka 1995. Namna unavyoiandika latitudo itamshangaza kidogo mpenzi wa lugha: nambari husimama peke yake, bila alama ya kutoa, na upande wa Ikweta huelezwa kwa herufi moja ya Kiingereza iliyowekwa kando, N ya kaskazini au S ya kusini. Herufi hiyo ikidondoka, nambari haipungukiwi na kitu. Programu nyingi huichukulia tu kuwa ni ya kaskazini.

Nimewahi kujiuliza ingekuwaje kama Waswahili ndio wangaliuandika utaratibu ule. Kaskazini na kusini zote huanza kwa K. Mashariki na magharibi zote huanza kwa M. Tungalitafuta njia nyingine, labda kwa kurudi kwenye pepo zenyewe, kaskazi na kusi, ambazo mabaharia wetu walizitumia kuujua upande mmoja na mwingine wa bahari, zikatuachia majina mpaka leo.

Nina maktaba ya picha kama elfu sita, nyingi zikiwa za safari za kuwasikiliza wazee wenye tungo kifuani: Unguja, Kilwa, Mvita, Amu, Pate, Siu. Nilipoihamishia kwenye kompyuta mpya, programu ilizibeba nambari zote za mahali na kuziacha herufi zake. Nikafungua ramani, nikaona pwani nzima imepanda bara. Kilwa Kisiwani, iliyo karibu na nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, ilikuwa Ethiopia, upande wa mji wa Adama, mbali kabisa na maji ya chumvi. Mji wa Lamu ulikuwa kaskazini mashariki mwa Kenya, kwenye malisho ya ngamia. Siu ilikwenda mbali zaidi. Mpaka wa Kenya na Somalia, katika sehemu yake ndefu, hufuata karibu kabisa longitudo ya 41, na kijiji cha Siu kipo mashariki kidogo ya mstari huo. Kwa hiyo picha zote za Siu zilivuka mpaka, zikatua Somalia.

Kabla sijalitambua jambo hilo, jamaa zangu walikuwa wamekwisha kuiona ramani ile, kwa maana maktaba hiyo huwafungulia wote. Mpwa wangu, aliyezaliwa na kulelewa Toronto, aliniandikia: “Mjomba, kumbe Bibi ni mtu wa Somalia? Mbona hamkutuambia?”

Bibi anayemtaja ni mama mkubwa wangu, mzaliwa wa Siu, marehemu sasa, aliyezijua tenzi kwa moyo kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikiliza. Hapana aibu yoyote katika kuwa mtu wa Somalia. Udugu wa pwani ile haukuanza na mpaka, wala hautaishia hapo. Lakini mtu wa visiwa vile aliyepata kusimama mbele ya dawati la vitambulisho, akaulizwa babu yake alizikwa wapi na nani atamshuhudia, hawezi kulicheka swali la mtoto. Nikamjibu kwa urefu, kisha nikaketi kuitengeneza maktaba.

Dawa ya haraka ingekuwa kuziandikia picha zote herufi ya kusini. Dawa hiyo inamfaa aliye Dodoma, asiyetoka Tanzania. Nchi ya Kenya na nchi ya Uganda zimepasuliwa na Ikweta, na mimi nina picha za Kampala, ambayo kwa haki ni ya kaskazini. Tena upo mtego mbaya zaidi, nao ni Kisumu. Mji huo uko kusini mwa Ikweta kwa sehemu kama moja ya kumi ya nyuzi, hivi kwamba herufi ikikosekana picha husogea kilomita ishirini tu. Haiendi Ethiopia ukastuka. Inakwenda Vihiga, kwenye vilima, ng'ambo tu ya pale ulipokuwa, na ukiitazama ramani kwa mbali unaridhika. Nilikuwa na picha ya wavuvi wakivuta nyavu zao ziwani, na ramani imewapandisha mlimani, wametulia. Kosa kubwa hujitangaza lenyewe. Dogo kama hili huishi miaka.

Basi nikaenda folda kwa folda, safari kwa safari. Kwanza nilitoa nakala ya kila kitu na kuiweka kando. Kisha nikatumia ExifTool, programu ya bure iliyotungwa na Phil Harvey, ambayo huandika ndani ya faili lenyewe la picha. Jambo hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye tatizo kama langu. Programu nyingi za maktaba, ukizihamisha picha kwa kipanya juu ya ramani, huyaweka marekebisho yako katika hifadhidata yao tu. Faili halijui kitu. Siku ukiihama programu hiyo, kazi yako yote unaiacha nyuma. Baada ya kuyarekebisha mafaili, ni lazima uiamuru maktaba iyasome upya, la sivyo itaendelea kuonyesha yale iliyoyakariri.

Kamera ya ami yangu ilinipa kazi ya namna nyingine. Haikuwa na GPS, lakini tulisafiri pamoja na simu yangu iliirekodi njia yetu nzima, dakika kwa dakika. Programu inaweza kulinganisha saa ya picha na saa ya njia, ikajua kamera ilikuwa wapi. Njia hurekodiwa kwa saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Hesabu nyepesi. Ila ami, mtu wa kale, aliiweka kamera yake saa za Kiswahili. Saa mbili asubuhi kamera iliandika 2:00, na programu ikaamini kwamba tulikuwa tukipiga picha usiku wa manane. Nilipofanya hesabu niliona kwamba saa ya Kiswahili iko nyuma ya UTC kwa saa tatu, sawasawa na saa ya Brasília. Nikaiambia programu kwamba kamera ya ami ilikuwa Brazil. Picha zote zikarudi mahali pake.

Kufikia hapo nilidhani nimemaliza, kwa kuwa kila nukta ilikuwa juu ya kisiwa chake. Ndipo nilipozitazama picha tatu za Siu zilizofuatana.

Ya kwanza ilipigwa mbele ya lango la ngome ya Siu. Nukta imetua langoni. Ni pale hasa. Ya pili ilipigwa ndani ya ngome hiyohiyo, na nukta yake iko katikati ya hori, majini, kwa sababu kuta nene za mawe huzuia mawimbi ya setilaiti na simu ikabaki kubahatisha. Ni mle, na mle ndipo mashine inapopofuka. Ya tatu ni ya mama mkubwa. Amesimama ukingoni mwa hori, mkono ameunyosha, ananionyesha lilikokuwa shamba la babake. Nukta iko chini ya nyayo zake. Lakini picha ile haihusu nyayo zake; inahusu kule.

Sarufi yetu imeutenga uwanja huu zamani: pa ya mahali mahususi, ku ya mahali pasipo mipaka, mu ya ndani. Mtoto wa Kiswahili hazichanganyi. Programu yangu ina pa peke yake, na kila mahali hupalazimisha pawe nukta. Nilipochunguza zaidi nilikuta kwamba waliotunga viwango hawakulala kabisa. Kiwango cha IPTC, kinachotumiwa na wapigapicha wa habari, kina visanduku viwili: mahali picha ilipopigwa na mahali panapoonekana pichani. Na EXIF yenyewe huweza kuhifadhi uelekeo wa lenzi. Simu yangu ilikuwa imeuandika. Nikauchora juu ya ramani, mstari ukatoka miguuni pa mama mkubwa, ukapita begani, ukavuka hori na mikoko, ukaendelea. Mstari huo hauna mwisho. Hiyo ndiyo ku, imeandikwa kwa nambari.

Majina nayo niliyapitia. Programu ilikuwa imejijazia “Lamu, Lamu, Kenya” kila mahali. Nimeongeza Amu na Mvita kwa mkono, kwa kuwa asemaye Kiamu au Kimvita ana haki ya kuyakuta majina yaliyoizaa lahaja yake. Kazi hiyo ilinichukua jioni tisa.

Picha ya mama mkubwa sasa imeandikwa Siu katika kisanduku cha kwanza. Katika cha pili sikuweka nambari, nimeandika alivyosema: “Kule, ukishavuka hori, penye minazi ya baba.” Programu huweka alama ya njano kando ya maneno hayo, kuonya kwamba mahali hapo hapajulikani. Nimemfundisha mpwa wangu namna ya kuizima.