Diski ya Nne

Wakati huo mimi na mdogo wangu tulikuwa tunapiga video za harusi Dar es Salaam, na chumba cha uani nyumbani kwa wazazi, Tabata, ndicho kilikuwa studio. Harusi ya kamera tatu, kuanzia bibi harusi anapopambwa hadi keki ukumbini, ilikuwa inakula gigabaiti mia na ushee. Kufuta hatukutaka. Wateja walikuwa wanarudi baada ya miaka, na mmoja simsahau: mama yake alikuwa ametangulia mbele ya haki, naye alichotaka ni ile dakika moja tu mama akimfunika kanga begani. Tulimpatia. Baada ya hapo, nani angethubutu kufuta harusi ya mtu?

Hifadhi yetu ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba kutoka Kariakoo. Tuliiwekea Linux na diski tatu za terabaiti 4, tukaziunganisha kwa RAID 5. Wazo lenyewe la RAID liliandikwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: badala ya diski moja ya bei mbaya, unganisha nyingi za bei nafuu zisaidiane. Sisi wenye mifuko midogo tuliwaelewa mara moja. Katika RAID 5, nafasi ya diski moja huenda kwenye hesabu za kurudishia kilichopotea endapo mojawapo itakufa. Kwa hiyo kati ya terabaiti 12 tulikuwa na 8 za kutumia, ambazo kompyuta, kwa kuwa inahesabu kwa mafungu ya 1,024, huziandika 7.3. Zilijaa.

Diski ya nne tuliipima kwanza uso mzima kabla ya kuiamini. Halafu tukanakili kwenye diski za nje harusi zote ambazo hazijakabidhiwa, maana RAID si bakapu: ukifuta faili, limefutika kwenye diski zote kwa mpigo. Uwezo ungekuwepo tungenakili kila kitu. Ndipo mdadm, programu inayosimamia diski hizo, ikaambiwa kwamba sasa ziko nne.

Kilichofuata ni subira. Diski mpya haikai pembeni tupu ikisubiri data mpya. Kila kipande kilichopo lazima kisomwe, kigawanywe upya kwa nne, hesabu yake ikokotolewe tena na kuandikwa. Ukifungua /proc/mdstat unaona mstari mdogo wa alama za usawa ukisogea, pembeni yake kasi, megabaiti 40 hivi kwa sekunde, na makadirio ya kumaliza: dakika 1,600 na zaidi. Ni zaidi ya siku nzima, diski kuukuu zikisomwa kila kona, na kama kuna iliyokuwa inaficha ugonjwa, ndipo unapojitokeza. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba muda wote huo mafaili yalikuwa yanafunguka. Mdogo wangu alikaa pale akihariri harusi ya Mbagala, wakati vipande vya video hiyo hiyo vinahamishwa chini kwa chini.

Usiku umeme ukakatika. UPS ikaanza kulia, tukaizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Nilikuwa nimesoma kwamba mdadm huandika kwenye diski zenyewe imefikia wapi, ila usingizi haukuja. Alfajiri umeme uliporudi tuliiwasha, na mstari ukaendelea pale pale ulipokuwa umeishia.

Kazi ilipokamilika, mdogo wangu akafungua orodha ya nafasi, akaniita.

"Kaka, mbona bado 7.3? Imejaa vile vile."

Alikuwa na haki ya kushtuka. Safu ya diski ni tabaka la chini, mfumo wa faili umekaa juu yake, na huu wa juu hauna habari na yaliyotokea chini mpaka uambiwe. Ni kama shamba lililoongezewa ekari huku hati bado inasoma mipaka ya zamani. Mfumo wetu ulikuwa ext4, ambao unaweza kupanuliwa ukiwa kazini, bila kufunga chochote. Nikaandika resize2fs na jina la safu yetu, /dev/md0. Safari hii zilikuwa dakika chache tu. Ikajibu kwamba mfumo sasa una vitalu bilioni 2.93, kila kimoja kilobaiti 4. Orodha ikasoma 11.

"Alhamdulillahi," akasema, akavuta droo na kuanza kushusha kadi za Jumamosi.

Malipo ya harusi zilizofuata tuliyanunulia diski kubwa za nje, na nakala ya kila kitu tukaipeleka kwa shangazi, Morogoro.